Fomu Iliyotaka Kumwozesha Conjesta

Ukiingia ofisini kwetu Ghala, mtaa mmoja hapa Maskati, kwenye kampuni ya vifaa vya ujenzi, utakutana kwanza na harufu ya iliki, halafu na sauti ya Conjesta, na mwisho kabisa na Conjesta mwenyewe, kwa sababu ni mfupi na kaunta ya jikoni inamfunika hadi mabegani. Ana miaka arobaini na mitatu, kwao ni Muleba, na huu ni mwaka wake wa tisa Maskati. Kwenye mkataba kazi yake imeandikwa mhudumu wa chai. Kazi yake halisi ni kujua mambo ya watu. Anamjua anayekataa sukari mbele za wenzake, kisha anakuja jikoni kimyakimya kutia vijiko vitatu. Anajua siku meneja amegombana na mkewe, maana siku hiyo huagiza kahawa mbili na hamalizi hata moja.

Mimi niko mlango wa pili, ghala la mabomba. Ananiita Msomi, si kwa heshima. Nina shahada ya uchumi na kutwa nahesabu viungio vya mabomba, na jambo hilo humchekesha kila asubuhi kana kwamba amelisikia jana.

Nasikia ziko nchi ambako mzazi akimnunulia mwanawe kompyuta ya masomo na madaftari, serikali humpunguzia kodi. Hapa mishahara yetu haikatwi kodi, kwa hiyo hakuna cha kupunguza. Ndiyo maana tangazo lilipobandikwa karibu na mashine ya kuwekea alama za vidole, watu walilisoma wakalirudia. Kampuni itarudisha gharama ya kompyuta moja, pamoja na vifaa vilivyoagizwa na shule au chuo chenyewe, kwa kila mwajiriwa mwenye mtoto anayesoma. Zinatakiwa risiti, barua ya chuo, cheti cha kuzaliwa cha mtoto na fomu. Mwisho ni Alhamisi ya wiki ya tatu, saa sita mchana.

"Kila mwajiriwa," nilimsomea Conjesta, nikiligonga neno lile kwa kidole. "Hawakusema kila bosi. Hii ni haki yako, si sadaka!"

"Punguza sauti, Msomi. Haki ikisikia kelele hukimbia."

Lakini macho yake yalikuwa yameshatoka kwenye birika. Dativa, binti yake anayesoma Tanzania, alikuwa amepata nafasi chuo cha kilimo. Barua ya chuo ilimtaka aripoti Jumatatu inayofuata ile Alhamisi, akiwa na kompyuta mpakato na ada ya muhula wa kwanza. Conjesta alikuwa na fedha za kimoja tu kati ya hivyo viwili. Kabla ya tangazo alikuwa hajui afanye nini. Baada ya tangazo alijua mara moja: Ijumaa ile ile alikwenda madukani Ruwi, akachukua fedha za ada akanunua kompyuta, akaiviringisha ndani ya kanga mbili, akamkabidhi Marwa, dereva wetu aliyekuwa anakwenda likizo nyumbani. Fedha zikirudi kutoka ofisini, ada imepatikana. Zisiporudi, Dativa atafika getini na kompyuta nzuri sana na atarudishwa nyumbani nayo.

"Ungesubiri kwanza wakubali," nilimwambia.

"Nani alinisomea kwamba ni haki yangu? Haki inasubiriwa?"

Fomu tuliijaza jikoni, mimi nikiandika, yeye akikaanga vitumbua vya saa nne. Ilikuwa ya Kiingereza. Palipoandikwa uhusiano wa mwanafunzi na mwajiriwa palikuwa na visanduku viwili: mtoto wa mwajiriwa, au mtoto wa mume au mke wa mwajiriwa. Sikuuliza chochote. Picha ya Dativa ndiyo iliyopamba simu yake, na kila sentensi yake ya tatu huanza na "mwanangu Dativa". Nikatia tiki kisanduku cha kwanza.

"Vifaa?" nikauliza.

"Kompyuta. Mabuti ya mvua. Koti jeupe. Panga. Jembe."

"Jembe, dada Conjesta?"

"Chuo cha kilimo, Msomi. Ulitaka alime kwa kalamu, kama nyie wa uchumi?"

Jembe lilikuwa na risiti yake, karatasi iliyochanwa kwenye daftari la hesabu huko Muleba: "Nimepokea hela ya jembe moja na mpini. Asante mteja, karibu tena." Niliona aibu kuipeleka. Lakini Osama wa uhasibu, Mjordani nadhifu anayependa mihuri kuliko anavyopenda chakula, aliisoma barua ya chuo, akaona jembe limetajwa kweli, akaipokea bila neno. Hapo nikaamini tumeshinda.

Kesho yake alirudisha faili lote. Halikurudi kwa ajili ya jembe. Cheti cha kuzaliwa cha Dativa, nilichokiambatisha bila kukisoma, kilionyesha mama mwingine.

"Dada Conjesta," nikamwambia nikiwa nimepunguza sauti bila kuombwa, "kwani Dativa si mwanao?"

"Ni mwanangu."

"Umemzaa?"

"Lini nilikwambia nimemzaa? Nilikwambia ni mwanangu. Amemzaa mdogo wangu." Akaipangusa kaunta ambayo tayari ilikuwa safi. "Mdogo wangu alifariki Dativa ana miaka minne. Mimi ni mama yake mkubwa. Ulitaka awe mtoto wa nani, wa jirani?"

Hata kwetu Singida ni hivyo hivyo. Mtoto wa dada yako ni mwanao, wewe ni mama yake, mkubwa au mdogo kwa kufuata nani alitangulia kuzaliwa. Hakuna anayefafanua zaidi, na anayetaka ufafanuzi huonekana mchokozi.

Osama alitaka karatasi ya kuthibitisha. Mtendaji wa kata huko kwao, Mungu ambariki, alituma barua ndani ya siku mbili, yenye muhuri mkubwa kama sahani: Conjesta ni mama mkubwa wa Dativa Benedict, naye ndiye anayemlea. Ilitakiwa kwa Kiarabu. Tukaipeleka ofisi moja ya tafsiri, kwa bwana aliyetuhakikishia kwamba Kiswahili anakijua sana kwa sababu aliwahi kukaa Bujumbura miezi sita. Hapo nilipaswa kushtuka. Sikushtuka.

Jumatano, siku moja kabla ya mwisho, Osama alikuja jikoni mwenyewe akitabasamu. Aliweka fomu juu ya kaunta, akaonyesha mahali pa kusaini, akasema "mabruk", akachukua kitumbua akaondoka.

"Kaniambia hongera," Conjesta alisema akinisogezea karatasi. "Ya nini?"

Nilisoma. Tiki yangu ilikuwa imefutwa kwa mstari. Kisanduku cha pili, mtoto wa mume wa mwajiriwa, kilikuwa na tiki mpya ya kalamu ya bluu, na pembeni Osama ameandika kwa Kiingereza: mke mkubwa wa Bwana Benedict.

Nilijaribu kumsomea taratibu. Hakuna namna ya kusoma jambo kama lile taratibu.

"Mke wa nani?"

"Wa Benedict. Nadhani mfasiri aliandika mama mkubwa neno kwa neno, na Osama akaelewa kwamba baba yake Dativa ana wake wawili. Wewe mke mkubwa, marehemu mdogo wako ndiye mke mdogo."

Conjesta alizima jiko. Huyu ni mwanamke asiyekosa misa ya Ijumaa, maana huku ndiyo siku ya mapumziko, anayeimba sauti ya kwanza kwaya, aliyewakataa wachumba watatu ninaowajua kwa majina, mmoja wao ana gari. Na sasa ameolewa, tena kwa mitala, na mwanamume ambaye yeye Conjesta anamchukia kuliko wote chini ya jua.

"Benedict!" alisema. "Bora hata wangenipa fundi wa AC."

Mimi ninayehubiri haki na ukweli tangu asubuhi mpaka jioni, ndipo nikasema jambo ambalo hanisamehe mpaka leo. Nilimwambia asaini. Kisanduku kile kinalipa, nilisema, na Jumatatu iko mlangoni. Nani ataumia?

"Wiki iliyopita si wewe uliyeniambia tusiseme uongo hata bosi akituomba?"

"Ndiyo, lakini huu wameuandika wenyewe."

"Msomi," alisema, akanitazama kwa huruma kabisa, "shahada yako nayo ilikuwa na risiti?"

Asubuhi ya Alhamisi alivaa kitambaa kipya cha kichwa, akaniambia nimfuate nibebe faili, akaenda moja kwa moja kwa Bi Nadra, mkuu wa utumishi. Bi Nadra ni Muomani, bibi na mama yake walizaliwa Unguja, na Kiswahili chake ni cha nyumbani, kimetulia, kila kh na gh mahali pake. Osama alikuwepo pale akisubiri karatasi zake zisainiwe.

"Karibu, kaa kitako," Bi Nadra alisema. "Hujambo bibie? N'ambie, mume wako hajambo?"

"Madam, mume sina. Huyu niliyepewa nimekuja kumrudisha."

"Umepewa na nani tena?"

"Na Ustadh Osama. Kanipa kwa kalamu ya bluu."

Bi Nadra aliivuta fomu, kisha ile tafsiri ya Kiarabu. Alisoma mstari wa kwanza, akafunika mdomo kwa ncha ya shela, mabega yakaanza kutikisika. "Wallahi huyu mfasiri! Kaandika mama aliye mkubwa, hivi hivi kama unavosikia. Mkubwa wa umbo au wa miaka, hajasema." Akamtazama Conjesta kuanzia kitambaa hadi miguu isiyofika sakafuni, akacheka upya. Halafu akamgeukia Osama, akamweleza kwa Kiarabu. Nililidaka neno moja: khala.

Osama alijipiga kipaji cha uso, akarukia Kiingereza. "Khala! Dada wa mama! Si mngesema khala tangu mwanzo?" Kisha akaitazama fomu na uso ukamshuka. Alirudia Kiarabu, polepole, na Bi Nadra akatafsiri akiwa hacheki tena.

"Anasema khala hana kisanduku. Mke wa baba analipwa, khala halipwi. Anasema, kwa sababu anakupenda na chai yako, iache karatasi ilivyo. Saini tu. Yeye leo hajasikia kitu hapa."

Nilimwona Osama akitazama dirishani, akijifanya kweli hajasikia. Mtu huyu aliyewahi kunirudishia fomu kwa sababu ya koma, alikuwa anavunja kanuni kwa ajili ya mhudumu wa chai. Nilimheshimu kwa ghafla, na jambo hilo liliniudhi.

Conjesta alikamata kalamu. Aliishika muda mrefu. Kisha akaiweka mezani.

"Madam, mwambie Ustadh asante, ana moyo mzuri. Lakini siku moja Dativa ataiona karatasi hii. Atasoma kwamba nilimlea kwa sababu niliolewa na baba yake. Sikumlea kwa ajili ya mwanamume. Mama yake aliniachia." Akainua kichwa. "Na tena huyo mwanamume mngemwona!"

"Ukikataa na mtoto akakosa skuli?" Bi Nadra aliuliza.

"Basi nitakuwa nimemkosesha mimi. Nitamwambia kwa mdomo wangu."

Bi Nadra alifungua droo, akatoa kanuni yenyewe iliyosainiwa na wakurugenzi, ile ya Kiarabu. Alipitisha kidole mstari kwa mstari. Kidole kikasimama.

"Hebu nsikilizeni. Mtoto wa mwajiriwa, au wa mume au mke wake, au anayelelewa naye kwa maandishi ya mzazi aliye hai." Akainua macho. "Hiki cha tatu kimo. Waliotengeneza fomu ya Kizungu wamekisahau."

Nilikuwa na mengi ya kusema kuhusu kampuni inayoandika haki kwa lugha moja na fomu kwa lugha nyingine, kisha ikawabandikia ukutani wale wasioisoma ile ya kwanza. Niliyaanza. Conjesta alinikanyaga mguu.

"Mzazi aliye hai," alirudia. "Yaani Benedict."

"Benedict," Bi Nadra alisema. "Na sasa hivi ni saa nne na nusu."

Tulirudi jikoni. Kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, Conjesta alitembea korido nzima bila kumsalimia mtu. Alinieleza akiwa amenipa mgongo. Mara ya mwisho kuzungumza na Benedict ilikuwa miaka saba nyuma, Dativa anaingia kidato cha kwanza. Alimwomba sare tu, sketi mbili na shati. Benedict, aliyekwishaoa tena na kuhamia Mwanza, alimjibu kwamba mtoto wa kike ataolewa, sketi atanunuliwa huko. Conjesta akaapa kwamba mdomo wake hautamwambia tena mtu yule neno "naomba".

"Sasa kuna njia mbili za kuingia kwenye karatasi na Benedict," alisema. "Niwe mke wake, au nimwombe."

Namba alitumiwa na Dativa. Simu ya video iliita mara tatu. Uso uliojaa kwenye kioo ulikuwa wa mwanamume mnene mchangamfu, nyuma yake matairi ya pikipiki yamening'inia.

"Shemeji! Leo jua limetokea wapi? Oman wanasemaje?"

"Hawajambo. Benedict, naomba unisikilize."

Pikipiki ilipita upande wa pili.

"Umesema naomba?"

"Nimesema. Usinirudishe huko."

Alimweleza kila kitu, kompyuta, ada, kanuni, saa sita. Sehemu ya mke mkubwa aliiruka, nami nilikuwa na busara ya kutosha kuangalia dari.

"Kwa hiyo," Benedict alisema taratibu, "wanataka niandike kwamba mimi sijamsomesha."

"Wanataka uandike nani amemsomesha."

"Si ni kitu kile kile?"

"Ndiyo. Ni kitu kile kile."

Alijikuna shavu. Uchangamfu ulikuwa umemtoka, na bila huo alionekana mzee kidogo. "Niandike ukweli wote?"

"Wa ukurasa mmoja unatosha."

Simu ikakatika. Saa tano ikapita. Saa tano na nusu. Conjesta alipeleka chai ofisi zote na kwa mara ya kwanza katika historia ya kampuni meneja alipewa chai yenye chumvi. Aliinywa bila kulalamika. Nadhani na yeye alikuwa amesikia. Ofisi nzima ilikuwa imesikia. Saa sita kasorobo simu ikalia jikoni, picha imeingia.

Ilikuwa karatasi yenye mistari, mwandiko mkubwa ulioinama, na chini yake muhuri wa duka: spea za pikipiki na baiskeli, jumla na rejareja. Alinipa nisome, kwa sababu mikono yake ilikuwa na unga, au alisema ina unga.

"Mimi Benedict, baba mzazi wa Dativa, naandika kwa hiari yangu. Mwanangu amelelewa na kusomeshwa na shemeji yangu Conjesta tangu mwaka aliofariki mama yake. Chakula, sare, ada, dawa, vyote ni yeye. Mchango wangu mpaka leo ni jina. Nakubali aendelee kuwa mlezi wake."

Conjesta aliichukua simu, akaisoma mwenyewe. Kisha akasema, "Sikujua kwamba anajua."

Tulikimbia, kama mtu mfupi mwenye kandambili anavyoweza kukimbia kwenye vigae. Bi Nadra aliitafsiri kwa mkono wake papo hapo, na alipofika kwenye mchango wa jina alisimamisha kalamu, akatingisha kichwa, akaendelea. Osama aliipokea zikiwa zimebaki dakika nne. Aliukagua muhuri wa spea za pikipiki kwa makini yote aliyojaliwa.

"Muhuri upo," alisema. Kisha akachora kwa rula kisanduku cha tatu chini ya vile viwili, akaandika ndani yake kwa Kiarabu, akatia tiki.

Fedha ziliingia Jumapili adhuhuri, na kabla ya alasiri ada ilikuwa imefika chuoni. Jumatatu Dativa alituma picha akiwa bwenini, kompyuta juu ya kitanda cha chini. Conjesta aliipitisha picha ile ofisi kwa ofisi pamoja na trei, na hakuna aliyepewa chai kabla hajaitazama.

Jioni Benedict akapiga. Nilikuwa jikoni nafuata kikombe changu, nikasikia.

"Shemeji, nimefurahi sana mambo yamekwenda vizuri," alisema, sauti imerudia uchangamfu wake wote. "Nilikuwa nauliza tu. Hiyo kampuni yenu, kwa upande wa akina baba, hakuna kitu wanatoa?"

Conjesta alimtazama kwenye kioo cha simu kwa muda, bila hasira, kama mtu anayepima sukari.

"Kipo, shemeji," alisema. "Wewe leta risiti tu."